Binti analowa mchana na usiku: huenda ni mrija wa figo

Kuna mtoto wa kike anayekwenda haja ndogo kama wenzake, lakini nguo yake haikauki. Analowa kitandani, analowa darasani, na imekuwa hivyo tangu azaliwe. Kumchapa au kumwita kikojozi ni kumwonea.

Kwa kawaida kila figo ina mrija mmoja unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Takribani mtu 1 kati ya 100 ana figo yenye mirija miwili. Wengi huzeeka bila kujua. Lakini kwa wachache, mrija wa pili hupitiliza kibofu. Kwa mwanamke unaweza kufunguka ukeni au karibu na tundu la mkojo, chini ya misuli inayobana mkojo, hivyo mkojo hudondoka hata akijizuia. Kwa mwanaume huishia juu ya misuli hiyo, ndiyo maana wavulana hawavuji namna hii.

Kikojozi wa usiku mchana huwa mkavu. Na fistula ya uzazi humpata mama baada ya uchungu wa muda mrefu, si mtoto.

Figo zenyewe pia hutofautiana. Tumboni mwa mama huanza kuumbika chini, kwenye nyonga, kisha hupanda hadi usawa wa mbavu. Kwa mtu 1 kati ya 500 hivi huungana zikawa kama herufi U. Nyingine hubaki nyongani. Na mtu 1 hivi kati ya 1,000 huzaliwa na figo moja, ambayo hukua na kufanya kazi ya mbili. Kwa hiyo ukiambiwa kwenye ultrasaundi kwamba figo moja haionekani, usikimbilie kusema iliibiwa siku ya upasuaji, maneno tunayoyasikia sana vijiweni. Omba wakutazame na nyongani.

Tukirudi kwa binti: mzazi wa Kaengesa aanzie kituo cha afya, aseme wazi kwamba mtoto analowa tangu kuzaliwa, mchana na usiku, ingawa anakojoa kawaida. Maneno hayo humsaidia daktari kuamua rufaa ya Sumbawanga mjini, na ikibidi Mbeya. Tiba ni upasuaji: mrija huhamishiwa kwenye kibofu, au sehemu ya figo isiyofanya kazi huondolewa. Mitishamba haihamishi mrija. Akipata homa na maumivu ya kiuno, apelekwe siku hiyohiyo.