Sanaa ya Kiwanja cha Ndege: Neno na Mahali

Katika maandishi ya wataalamu wa sanaa za Afrika liko neno moja la dharau ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa "sanaa ya kiwanja cha ndege". Halina maana ya kazi iliyotundikwa kiwanjani. Maana yake ni kitu kilichofanywa kwa haraka na kwa wingi, kikapangwa dukani karibu na mlango wa kuondokea, ili msafiri akinunue kwa fedha zilizombakia na kukitia mkobani bila kuuliza ni nani aliyekifanya. Neno hili lahusishwa zaidi na Frank McEwen, Mwingereza aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa jumba la taifa la sanaa huko Salisbury, mji ambao siku hizi ni Harare.

Jumba hilo lilifunguliwa mwaka wa 1957, zama za utawala wa walowezi. McEwen, ambaye hapo kabla alikuwa akitumikia British Council mjini Paris, aliwapa vijana wa Kiafrika nafasi na vifaa vya kufanyia kazi, na katika miaka ya sitini uchongaji wa mawe ukashika nguvu. Asiitwe, hata hivyo, mwanzilishi peke yake. Joram Mariga, mtumishi wa idara ya kilimo upande wa Nyanga, alikuwa akichonga na kuwafundisha wenziwe. Na mwaka wa 1966 Tom Blomefield, mkulima wa tumbaku aliyebanwa na vikwazo vya biashara, aliligeuza shamba lake la Tengenenge kuwa kijiji cha wachongaji, wengi wao vibarua waliotoka Malawi, Msumbiji na Angola. McEwen alichelea kwamba mchongaji akionja fedha za watalii atairudia kesho kazi ya jana, na kesho kutwa vilevile. Alitaka mawe hayo yaonekane katika majumba makubwa ya Ulaya, na mwaka wa 1971 yalionyeshwa katika Musée Rodin, Paris. Miaka miwili baadaye akaondoka Rhodesia.

Hofu yake haikuwa ya bure. Lakini neno lenyewe lilikuwa na kasoro kubwa, maana lilimhukumu mfanyaji kwa dhambi ya mnunuzi. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka wa 1972, alichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba, na kuziuza picha zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wanunuzi walikuwa wageni hasa. Kwa kipimo cha wanunuzi tu, kazi yake yote ingetupwa katika fungu la takataka; na hapana mtu mwenye macho atakayekubali hukumu hiyo. Tena katika Kiswahili utengano huo haukuwa na mizizi. Neno "sanaa", lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kazi ya mkono na ustadi wa kutengeneza. Aliyenakshi mlango na aliyeunda jahazi wote waliitwa mafundi, wala mtu hakuuliza kama mlango ule utauzwa. (Kwamba siku hizi watu wa Tanzania husema "usanii" wakikusudia ulaghai ni habari nyingine, ingawa yaonyesha jinsi jina la kazi hii lilivyo jepesi kuchafuliwa.)

Wakati wataalamu wakilitumia neno hilo la dharau, viwanja vya ndege vyenyewe vilianza kubadilika. Mwaka wa 1980 wakuu wa kiwanja cha San Francisco walianzisha makumbusho ndani ya kumbi za abiria, na mwaka wa 1999 makumbusho hayo yalipata kibali cha chama cha makumbusho cha Marekani, sawa na makumbusho yoyote ya mjini. Schiphol ya Uholanzi ilifungua tawi la Rijksmuseum mwaka wa 2002. Pale Albany, katika jimbo la New York, jumba la abiria lililofunguliwa mwaka wa 1998 lina ukumbi wa sanaa ambamo wasanii wa eneo lile hupewa zamu. Maonyesho ya namna hii yafaa kuitwa ya kupokezana: kazi huazimwa, hukaa miezi kadhaa, hurudishwa kwa mwenyewe, na nyingine huingia mahali pake. Kando ya kila kazi hubandikwa kadi yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, na vitu vilivyotumika.

Kadi hiyo ndogo ndiyo kiini cha jambo. Kinyago cha dukani na picha ya ukumbini vyaweza kuwa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine, na abiria yule yule akavipita vyote viwili akikimbilia ndege. Kimoja kina bei wala hakina jina. Cha pili kina jina.

Atlanta ndiko neno la McEwen lilikopatwa na kioja. Kiwanja cha mji huo, ambacho mwaka wa 2015 kilikuwa cha kwanza duniani kupitisha abiria zaidi ya milioni 100 katika mwaka mmoja, kina utaratibu wake wa sanaa: kazi zilizoagizwa zikae daima, na maonyesho ya kupokezana. Chini ya ardhi, katika njia iendayo kutoka ukumbi T hadi ukumbi A, ziliwekwa mwaka wa 2001 sanamu 20 za mawe kutoka Zimbabwe. Yaani mawe yale yaliyolindwa yasije yakawa sanaa ya kiwanja cha ndege ndiyo yaliyokwenda kukaa kiwanjani, tena kwa heshima, yakiwa na majina ya waliyoyachonga. Apandaye treni ya chini ya ardhi hayaoni. Huyaona yule tu akubaliye kutembea.

Lakini mwaka huo huo, baada ya mashambulio ya Septemba, viwanja vya Marekani viliwafungia wasio na tiketi mlango wa kupita ukaguzi. Zamani ndugu waliweza kumsindikiza msafiri hadi mlango wa ndege. Tangu hapo, msanii wa jirani ambaye kazi yake yatundikwa nyuma ya ukaguzi huonwa na maelfu kwa maelfu wasiojua mtaa wake, hali mama yake, na mwalimu aliyemfundisha kushika brashi, mara nyingi hawawezi kuifikia mpaka wanunue safari. Albany waliliepuka tatizo hilo, kwa kuwa ukumbi wao uko ghorofa ya tatu, kabla ya ukaguzi, na mwenyeji hupanda akaangalia, akarudi zake nyumbani. Kwingineko, zamu ya msanii huisha, kazi hufungwa kwenye sanduku, na majirani zake huambiwa tu kwamba ilikuwapo.