Bei ya ugali wa muhogo Newala

Ukiulizwa kama chakula bora ni ghali kuliko chakula kibaya, pengine unawaza chipsi na soda upande mmoja, samaki na matunda upande wa pili. Hebu panda nami hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Huko swali hili ni la zamani kuliko chipsi, na bei ilihesabiwa kwa maji.

Udongo wa uwandani ni wa kichanga. Mvua inazama, chemchemi zinatokea chini bondeni. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wanawake walivyoshuka mteremko kuteka maji na kupanda nayo tena. Si mchezo.

Sasa fikiria muhogo mchungu. Una linamarini, kemikali inayotoa sianidi, ambayo ni sumu. Kuuloweka siku kadhaa huitoa vizuri, lakini nani ataloweka muhogo wakati maji ya kunywa yenyewe ni ya shida? Basi watu hukausha makopa juani, njia isiyotumia maji ila huacha sumu nyingi zaidi. Mwaka wa ukame mambo huharibika mara mbili: mizizi yenyewe huongeza sumu, na njaa haingoji makopa yakauke.

Matokeo yake ni konzo. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi, hasa kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Tanzania iliuona mkoani Mara katikati ya miaka ya 1980, kisha mkoani Mtwara, ambamo Newala imo, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Na hapa ndipo pesa inapoingia. Mwili huondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Kwa hiyo nyumba mbili zikipika unga uleule, yenye samaki au mayai kwenye mboga ina kinga, na inayokula ugali kwa majani matupu iko hatarini. Kwa maoni yangu, kuiambia nyumba hii ya pili “kuleni vizuri” ni kuongea tu.

Howard Bradbury wa Australia alikuja na njia nafuu zaidi. Unalowanisha unga, unautandaza mwembamba kwenye mkeka, saa mbili juani au tano kivulini, sianidi inapaa kama hewa. Kisha unasonga ugali siku hiyohiyo. Maji yanayotakiwa ni ya kulowanisha unga tu, si ya kujaza pipa.