Okapi wa baba mkubwa

Baba mkubwa alipofika Kigali kutoka Kivu ya Kusini alikuwa na vitu vitatu mfukoni: karatasi ya kujitambulisha, picha ya mama yake, na kisu cha kukunja. Kwa kile kisu alianza kazi ya kushona viatu huku Biryogo, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Naandika juu ya kisu cha kazi. Kile kingine, sisi tuliokimbia tunakijua, hakuna haja ya kuambiana.

Ni Okapi. Wengi wenu mmekishika: mpini wa mti, vipande vya chuma vya mwezi na nyota vimepigiliwa ubavuni, na mgongoni kuna pete ndogo ambayo usipoivuta kisu hakikunjiki. Ukikifungua kinalia krrr, jino baada ya jino. Wazee wa Biryogo walikipenda kwa ajili ya ule mwezi na nyota, wakidhani mtengenezaji ni Mwislamu. Kumbe mtengenezaji alikuwa Mjerumani.

Jina lenyewe limetoka kwetu Kongo. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, na Wambuti walimjua na kumwinda tangu zamani. Mwaka 1901 wataalamu wa Uingereza walimpa jina la kisayansi, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Waingereza Uganda, kuwapelekea ngozi na mafuvu. Dunia ya wazungu ikamshangilia kama mnyama mpya. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu chenye jina hilo ili wakiuze katika makoloni yao ya Afrika. Yaani jina lilitoka msituni, likafika Ulaya, likarudi likiwa bidhaa ya dukani. Kule Ujerumani waliacha kukitengeneza mwaka 1988, kazi ikahamia Afrika Kusini.

Rwanda nayo ilikuwa ndani ya koloni hilo la Wajerumani. Kigali ilianza mwaka 1907, Richard Kandt alipoweka makao yake hapa juu Nyarugenge. Nyumba inayokumbusha maisha yake leo ni makumbusho. Nyuma yake walikuja askari, wapagazi, Wahindi, Waarabu na Waswahili wa pwani, pamoja na lugha hii ninayoandika. Msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913. Wabelgiji walipoingia, 1916, mambo yakageuka, na baadaye Waswahili wakawekwa mtaa wao wa pembeni, huku Biryogo. Ndiyo sababu hata leo mkimbizi wa Kongo akishuka Nyabugogo hajui pa kwenda, ataambiwa: nenda Nyamirambo, huko watakusikia. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 tu, lakini mitaani hapa kilikuwa rasmi zamani sana.

Lakini msidhani chuma kilikuja na Kandt. Katika nchi hii watu waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita, pengine zaidi. Ng'ambo ya Akagera, Wahaya walikuwa na matanuru ya kutoa chuma cha pua. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake katika jarida la Science mwaka 1978. Kinyarwanda kina neno lake la kunoa, gutyaza, na jiwe la kunolea linaitwa ityazo.

Sasa pembe. Makali ya kisu ni mahali pande mbili zinapokutana, na swali ni moja: zikutane kwa wembamba gani? Zikiwa nyembamba sana kisu kinakata vizuri siku moja, kesho makali yamelala. Zikiwa nene, yanadumu lakini unasukuma kama unapasua kuni. Panga huvumilia nyuzi 30 kila upande. Wembe wa kukunja wa kinyozi wa zamani hauna swali hilo: unaulaza mzima juu ya jiwe, mgongo na makali vinagusa pamoja, unene wa mgongo ndio unaamua. Kisu cha mfukoni hakina bahati hiyo. Wewe ndiye unaamua, na kwa Okapi, ambaye chuma chake si kigumu sana, mimi nakaa kati ya nyuzi 20 na 25.

Utazipimaje bila kifaa? Chukua karatasi yenye kona iliyonyooka, hata fomu ya zamani ya mgao. Kona ni nyuzi 90. Ikunje katikati, 45. Kunja tena, 22 na nusu. Isimamishe juu ya jiwe, lingine kisu nayo. Au tumia njia ya baba mkubwa: mgongo wa kisu uinuke juu ya jiwe kwa theluthi ya upana wa bapa. Bapa la milimita 24, mgongo juu milimita 8. Hiyo ni nyuzi 20 hivi, naye hakusoma hesabu. Ukitaka kuhakikisha, paka makali wino wa kalamu, vuta mara mbili tatu, tazama wino umetoka wapi. Ukibaki kwenye ncha ya makali, umelaza kisu mno.

Yeye alikuwa na ujanja mwingine. Karibu na ncha alinoa kwembamba, kwa ngozi. Karibu na mpini alinoa kunene, kwa soli za matairi, maana ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma. Kisu kimoja, pembe mbili.

Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa nilitumwa kukitengenezesha pete. Nikaona kijana ana jiwe la umeme, nikampa akinoe pia, nifurahishe mzee. Cheche ziliruka, nikapenda. Kilirudi chembamba chote, kinanyoa nywele za mkono, na makali yamegeuka rangi ya buluu.

Baba mkubwa alitazama ile buluu akanyamaza kwanza. "Mutoto, umeninolea kisu ao umekiua?"

Chuma kikifika buluu kimepata moto kupita kiasi, ugumu wake umepungua. Tairi la kwanza tu, makali yakalala kama bati la kopo. Viatu vya watoto wa shule vilikuwa vimerundikana, siku zinakwisha, na kisu kingine cha kununua hakukuwa na pesa yake. Wateja wengine walikuja kuchukua viatu vyao wakavipeleka kwingine. Alikaa jioni nne juu ya jiwe la mto na maji, akila chuma kilichoharibika kidogo kidogo mpaka akafika kwenye kizima, kisha akarudisha pembe zake mbili. Mimi nilikuwa nachota maji. Hapo ndipo nilijifunza.

Sasa kisu ninacho mimi. Nyota moja imedondoka. Bapa limebaki milimita 18, kwa hiyo mgongo nauinua 6.