Shule ya Epictetus mjini Nikopoli

Mji wa Nikopoli ulijengwa na Octavian, aliyekuja kuitwa Kaisari Augusto, kuadhimisha ushindi wake katika vita vya majini vya Actium mwaka 31 K.K. Magofu yake yapo karibu na Preveza, magharibi mwa Ugiriki. Wasafiri kati ya Italia na Ugiriki walipita hapo, na wasomaji wa Biblia huukuta katika Waraka kwa Tito, ambamo Paulo amekusudia kukaa huko wakati wa baridi. Kuelekea mwisho wa karne ya kwanza, mtu aliyewahi kuwa mtumwa alifungua humo shule ambayo msingi wake ulikuwa kutenganisha yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyo katika uwezo wake.

Epictetus alizaliwa Hierapolis, katika Uturuki ya leo, yapata mwaka 50 B.K. Mjini Roma alimtumikia Epaphroditus, ambaye naye alikuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru na kuwa karani wa Kaisari Nero. Epictetus alikuwa kiguru. Alisoma falsafa kwa Musonius Rufus, akapata uhuru, akaanza kufundisha. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, alihamia Nikopoli na kuishi huko maisha sahili kabisa.

Falsafa aliyoifundisha, ile ya Wastoiko, hakuizua yeye. Zeno, mtu wa kisiwa cha Kupro, aliianzisha Athene yapata mwaka 300 K.K. Epictetus alichofanya ni kuuweka mlangoni mgawanyo wa yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyo katika uwezo wake, ili kila mwanafunzi aanzie hapo. Yaliyo katika uwezo wa mtu ni machache: namna anavyoyapima mambo, anachokitaka, anachokikataa na anachoamua kutenda. Mwili, mali, sifa na cheo havimo, maana wengine wanaweza kuviondoa wakati wowote.

Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa familia zenye uwezo, waliotazamia vyeo serikalini. Hatari iliyowasubiri ilikuwa ya kweli: Kaisari aliweza kumnyang'anya mtu mali, kumhamishia kisiwani au kumwua. Ndiyo maana masomo yale yamejaa minyororo na uhamisho. Yana uzito kwa sababu ya msemaji: aliyewaambia vijana hao kwamba mguu hufungwa lakini hiari haifungiki alikuwa amewahi kuwa mali ya mtu mwingine.

Hata hivyo mazoezi hayakuanzia kwenye minyororo. Mwanafunzi alitakiwa kutoka nyumbani alfajiri na kumpima kila aliyemwona na kila habari aliyoisikia. Fulani amefiwa na mwanawe: je, hilo liko katika hiari yake? Haliko, basi si ubaya wake. Amelistahimili kwa ujasiri: hilo liko katika hiari yake, nalo ni jema. Ni zoezi kali, na aliyefiwa ana haki ya kulishtukia. Mengine yalikuwa mepesi zaidi. Anayekwenda kwenye bafu la umma akumbuke kwanza yatokeayo humo: kurushiana maji, kusukumana, matusi, wizi. Akusudie mambo mawili, kuoga na kubaki mtulivu. Akisukumwa, la pili bado li mikononi mwake. Mwalimu mwenyewe alisimulia jinsi taa yake ya chuma ilivyoibwa usiku, akaamua kununua ya udongo.

Mfano ulio bora kuliko yote ulitoka baharini. Abiria huchagua nahodha, mabaharia, siku na saa ya kusafiri. Tufani ikija, sehemu yake imekwisha. Iliyobaki ni ya nahodha. Wengi hushika nusu ya pili na kudhani Ustoiko ni kukaa bure, lakini kuchagua nahodha kwa makini ni wajibu wa abiria. Ofisa mmoja alipomweleza Epictetus kwamba alitoroka nyumbani kwa kushindwa kumtazama binti yake mgonjwa, aliulizwa kama angependa mama na yaya wa mtoto nao watoroke kwa sababu ya upendo huohuo. Uponyaji haukuwa katika uwezo wa baba. Kukaa kando ya kitanda kulikuwa.

Epictetus hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Kapadokia na mwanahistoria wa Aleksanda Mkuu, ndiye aliyeyanukuu masomo. Vitabu vinne vimesalia, pamoja na muhtasari uitwao Enchiridion. Kaisari Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia 161 hadi 180, aliyasoma kwa nakala aliyopewa na mwalimu wake Junius Rusticus. Watawa Wakristo waliurekebisha muhtasari huo kwa matumizi ya monasteri, wakiliweka jina la Paulo mahali pa Socrates. Katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad alitumia katika risala yake kuhusu kuondoa huzuni mfano wa abiria walioshuka pwani na kusahau merikebu yao, mfano uliomo pia katika Enchiridion.

Rubani wa Marekani James Stockdale, aliyetunguliwa Vietnam mwaka 1965, alikaa kifungoni zaidi ya miaka saba, na baadaye aliandika jinsi Epictetus alivyomwongoza humo. Miaka kumi hivi kabla ya Stockdale kutunguliwa, mwanasaikolojia Albert Ellis wa New York alikuwa ameanza kuwafundisha wagonjwa wake kuzichunguza hukumu zao kuhusu mambo yanayowapata, akimtaja Epictetus waziwazi kuwa chanzo. Kazi yake na ile ya daktari wa akili Aaron Beck ndizo zilizojenga mojawapo ya tiba za mazungumzo zinazotumika leo kwa wagonjwa wa sonona na wasiwasi.