Adrien: Jina la Kifaransa Lililofika Karema

Al-Barawi ni mtu wa Barawa, wala hatuhitaji kuelezwa. Adrien nalo limejengwa vivyo hivyo. Ni jina la Kifaransa (la kike ni Adrienne) lililotoka kwa Warumi, Hadrianus, yaani mtu wa Hadria, mji wa kaskazini mwa Italia ulioipa jina Bahari ya Adria. Kaisari mmoja wa Rumi, aliyetawala kuanzia mwaka 117, ndiye aliyelivumisha.

Mkoani Katavi, magharibi mwa Mpanda, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kuna Karema. Jina hili lilifika huko na mtu asiyekuwa Mfaransa hata chembe. Alizaliwa katika miaka ya 1860 karibu na mto Niger, nchi inayoitwa Mali leo, na kwao akiitwa Atiman. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadri Weupe, shirika la Wafaransa, walimnunua huko Algeria wakamwacha huru. Alipobatizwa akaitwa Adrien. Akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Alitibu watu pale mpaka alipofariki, mwaka 1956. Miaka 67, mji mmoja!

Sisi wa visiwani jambo hili la kupewa jina na mwengine linatugusa. Watumwa wa pwani waliitwa Faraji, Mabruki, Feruzi. Majina mazuri masikioni, lakini bwana ndiye aliyeyachagua. Na Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake bado zinapigwa harusini, alizaliwa akaitwa Mtumwa.

Adrien halikuwa jina la kumdhalilisha mtu, tuseme kweli, maana lilitoka kwa waliomkomboa. Hata hivyo hakulitupa lile la kwao. Alioa Karema, mkewe akiitwa Agnes, na mtoto wao Joseph, aliyekuja kuwa padri, akaitwa Joseph Atiman. Jina la mtoto aliyeibwa likawa jina la ukoo.

Sumbawanga kuna hospitali ya Dk. Atiman. Na Dar es Salaam, karibu na bandari, lipo jumba la kale ambalo Sayyid Majid wa Zanzibar alilijenga katika miaka ya 1860, inasemwa kwa ajili ya wakeze. Siku hizi linaitwa Atiman House.