Chakula kwa Kipimo

Mwezi wa Oktoba 1873, daktari William Gull aliwasomea wenzake wa London maelezo ya wasichana waliokonda vibaya bila kuwa na kifua kikuu wala maradhi mengine ya viungo. Miezi michache kabla yake, Charles Lasègue wa Paris alikuwa ameandika habari za wagonjwa wa namna hiyohiyo. Jina la anoreksia nevosa lilitoka kwa Gull, na tiba aliyoitetea ilikuwa chakula: mgonjwa apashwe joto, alishwe kila baada ya saa chache, na matakwa yake yasisikilizwe. Alitaka pia awe mikononi mwa watu wenye sauti juu yake, kwa kuwa jamaa, kwa maoni yake, ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Mmoja wa wagonjwa wake, binti wa miaka 17, alitoka kilo 37 hadi 58, kwa hiyo hatuwezi kusema Gull alipotea njia. Alichokosa ni kipimo. Kwake, na kwa Silas Weir Mitchell wa Philadelphia, ambaye kuanzia miaka ya 1870 aliwalaza wagonjwa kitandani, akawatenga na kuwanywesha maziwa kwa wingi, kula lilikuwa jambo la utii. Hoja yangu ni kwamba mtazamo huo ulivunjwa na njaa ya vita kuliko ulivyovunjwa na kliniki yoyote ya magonjwa ya akili, na kwamba mtu mzima mwenye anoreksia hawezi kuuguzwa vizuri na watu wasiojua njaa hiyo ilifundisha nini.

Baada ya Morris Simmonds wa Hamburg kueleza, mwaka 1914, mgonjwa aliyedhoofika kwa kuharibika tezi ya pituitari, madaktari wengi waliichanganya anoreksia na ugonjwa wa tezi, na wagonjwa wakapewa homoni wakati miili yao ilikuwa ikidai chakula. Kisha ukaja mwaka 1945. Kambi ya Bergen-Belsen ilipokombolewa mwezi wa Aprili, maelfu waliendelea kufa wiki baada ya wiki. Homa ya tifasi na udhaifu wa muda mrefu ndivyo vilivyoua wengi, lakini wapo waliodhuriwa na chakula kizito walichopewa na askari kwa nia njema. Huko Ufilipino, madaktari wa Marekani waliona mateka Wajapani waliokuwa wameshinda na njaa wakifa baada ya kuanza kula. Leo sababu inajulikana. Mwili ulioishi kwa kujila wenyewe ukipata wanga ghafla, insulini hupanda na kuisukuma fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Akiba ya vitamini B1 nayo huisha, na moyo unaweza kusimama. Kanuni ya kuanza na chakula kidogo wanaijua vizuri wauguzi wa Afrika Mashariki wanaohudumia watoto wenye utapiamlo mkali: maziwa ya tiba ya F-75, yasiyo na nguvu nyingi, hutangulia, kidogo kidogo na mara nyingi, ndipo F-100 yenye nguvu zaidi ifuate.

Somo la pili la vita lilihusu akili. Katika utafiti ulioanza mwisho wa 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao. Kwa wiki 24 walikula wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walianza kuvuta mlo mmoja kwa muda mrefu, kuchezea chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kujitenga na kuhuzunika. Mambo ambayo kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa tabia za mgonjwa wa anoreksia yalijitokeza kwa watu wasiokuwa na ugonjwa huo hata kidogo. Kumtaka mtu mwenye njaa ya namna hiyo ajadili maisha yake kwa utulivu kabla hajalishwa ni kumdai akili ambayo njaa imeshaibana.

Kuna pingamizi lenye nguvu hapa. Wanaume wa Minnesota walikitamani chakula na wakakila waliporuhusiwa. Mgonjwa wa anoreksia hukiogopa. Ni kweli, na ndiyo maana njaa haitoshi kueleza chanzo cha ugonjwa. Hata hivyo inaeleza kwa nini ugonjwa ukishaingia unang'ang'ania. Daktari wa magonjwa ya akili Hilde Bruch aliwashutumu katika miaka ya 1970 wale waliomfanya mgonjwa anunue uhuru wake kwa kilo, kwa kuwa wengine hula ili watoke wodini tu, kisha hukonda tena. Alikuwa na haki. Chakula bila mazungumzo humwacha mgonjwa na hofu yake ileile, ila kosa hilo halirekebishwi kwa kuanza na mazungumzo huku moyo ukidhoofika.

Hofu ya kulisha haraka nayo ilizaa madhara yake. Mwongozo wa Uingereza wa 2006 juu ya lishe ya wagonjwa ulishauri walio hatarini zaidi waanze na kalori 10 kwa kila kilo kwa siku, na 5 kwa hali mbaya kabisa. Kwa mtu wa kilo 35 hizo ni kalori 350, au 175. Mwaka 2010 vyuo vya kifalme vya madaktari nchini humo vilionya kwamba kubaki kwenye kiwango cha chini kupita kiasi nako kunaweza kuua. Baadaye utafiti wa Marekani ulilinganisha kuanza na kalori 2,000 na kuanza na 1,400: waliopewa zaidi walitengemaa mapema, bila madini ya damu kuvurugika zaidi. Lakini wagonjwa hao walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 24. Mwanamke wa miaka 45 aliyeugua nusu ya maisha yake hakuwa miongoni mwao, na sioni uhalali wa kumpa namba za kijana bila kupima fosfati yake kila siku, kumpa vitamini B1 kabla ya mlo wa kwanza, na kumwekea muuguzi wa kukaa naye mezani hadi amalize.