Ndege wa Askari Cervera

Wataalamu wana desturi ya kuwapa viumbe wapya majina ya watu, na mara nyingi huwa ni majina ya wakubwa au ya mabwana wenye elimu. Lakini katika kisiwa cha Kuba yuko ndege mdogo mwenye jina la askari, tena jina la kwanza pamoja na la ukoo: Ferminia cerverai. Sisi twaona heshima hiyo ilimstahili.

Askari huyo, Fermín Zanón Cervera, alikuwa Mhispania. Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vita na Marekani, ikaiacha Kuba. Majeshi yakapanda meli kurudi kwao, yeye akabaki, akawa fundi wa kutafuta wanyama na ndege. Baadaye Thomas Barbour, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alimtuma katika kinamasi cha Zapata, upande wa kusini wa kisiwa. Huko ni maji, matope, mbu wasiohesabika, na majani marefu yenye makali ya kukata ngozi. Cervera alitafuta karibu na kijiji cha Santo Tomás, akatoka na ndege asiyejulikana kwa wataalamu, na Barbour akamwandika mwaka 1926. Tena katika kinamasi kilekile Cervera alipata aina mbili nyingine mpya!

Ndege huyu ni wa jamaa ya trogloditi, neno la Kigiriki la wenye kuingia mashimoni. Urefu wake ni yapata sentimeta 16. Ni wa rangi ya kahawia yenye michirizi myeusi, mkia mrefu, mabawa mafupi. Kuruka hawezi sana. Akiona hatari hupenya majanini kama panya. Lakini huimba kwa nguvu, na pasipo wimbo huo nani angejua kwamba yupo?

Mabawa hayo ndiyo shida yake. Wakati wa kiangazi moto hushika majani ya kinamasi. Sisi tunaojua moto wa porini twaelewa: ndege wengine huruka mbali, huyu atakwenda wapi? Tena wako nguchiro, ambao si wa Kuba; waliletwa zamani ili wawale panya wa mashamba ya miwa, wakaenea hata kinamasini.

Mwaka 2000 UNESCO iliitambua Zapata kuwa hifadhi ya viumbe. Mahali pengine duniani ferminia hapatikani.